Steringi Hafi? Picha Nne za Vita, na Sura Zilizochaguliwa Kuzisimulia

Ijumaa jioni, kwa kijana anayeweka muvi kwenye flashi pale mtaani kwetu Sinza, swali ni moja tu: "Nikuwekee ipi?" Ukimjibu "picha la vita" hujamsaidia, maana anayo ya mitaro, ya manowari, ya msituni na ya jangwani. Wiki tatu zilizopita nilisimama pale na rafiki yangu tunabishana. Yeye anataka Saving Private Ryan, mimi nataka Dunkirk, na kijana mwenyewe anatusukumia Beasts of No Nation kwa sababu yumo Idris Elba. Tuliondoka na zote tatu. Nyumbani nilikuwa na ya nne, The Battle of Algiers. Nimezitazama upya zote, nyingine nikiwa na babu yangu aliyevuka Mto Kagera akiwa na miaka 22, na haya namwandikia mwenye nafasi ya kutazama moja tu usiku huu.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tuna sheria tuliyofundishwa kabla ya kujua kusoma: steringi hafi. Mtafsiri akishatuonyesha nani steringi, tunatulia. Mabomu yapige, daraja livunjike, yeye atatoka. Ndiyo maana naamini kwamba suala la nani kapewa nafasi gani linagusa moyo wa picha ya vita kuliko picha ya aina nyingine yoyote. Kwenye hadithi ya mapenzi sura maarufu inakuvutia ukae. Kwenye vita sura maarufu inakuahidi kwamba huyu utakuwa naye mpaka mwisho. Mwongozaji anaweza kuitimiza ahadi hiyo, kuivunja, au kukataa kuitoa tangu mwanzo.

Nitagusa vifo vya wahusika wachache. Kama hujaiona filamu na hutaki kujua, ruka sehemu yake uende moja kwa moja mwisho.

Ninavyozipima

Kila filamu nimeiuliza mambo manne. Kwanza sura: nani kachaguliwa, na uso wake unakuambia nini kabla hajafungua mdomo. Pili simulizi: hadithi inaanzia wapi na inapita machoni pa nani. Tatu upande wa pili: adui na raia wamepewa uso, au ni vivuli vya kupigwa risasi tu. Nne, inamfaa nani, kwa lugha yake, urefu wake na watu waliopo sebuleni.

Hilo la tatu nalisisitiza. Black Hawk Down ya 2001 inahusu mapigano ya Mogadishu ya 1993, lakini ilirekodiwa Morocco na waigizaji Wasomali hawakuwemo. Niliwahi kuitazama na jirani yetu Msomali. Alikaa robo saa, akasema haoni mtu wa kwao hapo, akaenda zake. Tangu siku ile sitazami picha ya vita bila kuhesabu nani ana jina na nani hana.

Saving Private Ryan (1998, dakika 169)

*Sura.* Kapteni Miller ni Tom Hanks, ambaye wakati huo alikuwa ameshachukua Oscar mbili za mwigizaji bora, tena mfululizo. Ni uso ambao mtu angemwachia mtoto wake. Steven Spielberg anaichukua imani hiyo na kuiwekea mkono unaotetemeka. Angalia mkono wa kulia wa Miller tangu mwanzo kabisa. Uso umetulia, amri zinatoka vizuri, na mkono unacheza peke yake. Askari wake wanawekeana dau la kubahatisha alikuwa akifanya kazi gani kabla ya vita, na jibu linapokuja, kwamba alikuwa mwalimu wa shule, unaelewa kwa nini alichaguliwa Hanks na si mtu mwenye misuli.

Mtazamaji wa Dar wa leo ana mtego wake. Kwenye kikosi hicho yumo Vin Diesel, kabla ya magari ya mbio kumfanya tumjue sote. Ukimwona unasema huyu anafika mbali. Hafiki. Anapigwa na mdunguaji kwenye mvua baada ya kumbeba mtoto wa Kifaransa, na anakufa taratibu mbele ya wenzake wasioweza kumfuata, mkononi ana barua aliyomwandikia baba yake, imelowa damu. Nilipoiona mara ya kwanza kibandani, mtu wa nyuma yangu aligoma kukubali. Alisema mpaka mwisho kwamba atafufuka.

Halafu kuna Ryan mwenyewe. Spielberg alitaka kijana asiyejulikana, akamchukua Matt Damon, na kabla filamu haijatoka Damon akawa nyota kwa filamu nyingine. Jambo moja lilifanywa vizuri sana. Waigizaji wa kikosi walipelekwa kwenye mafunzo ya kijeshi ya kuchosha chini ya Dale Dye, askari mstaafu wa Marekani, lakini Damon hakupelekwa. Wenzake wakamkasirikia kweli, na kinyongo hicho unakiona kwenye macho yao wanapompata. Watu wamekufa njiani kwa ajili yake, na yeye ana mashavu safi.

*Simulizi.* Mzee anatembea kwenye makaburi ya Normandia, kamera inasogea mpaka machoni pake, na ghafla tupo ufukwe wa Omaha, 6 Juni 1944. Karibu nusu saa hiyo ni ya kutazama umeshikilia kiti. Tunaamini mzee yule ni Miller, kwa hiyo tunaamini Miller atapona. Mwishoni tunagundua mzee ni Ryan, na Miller amekufa darajani. Yaani kumbukumbu yote ya ufukweni tumeionyeshwa kupitia macho ya mtu ambaye hakuwepo, maana Ryan alishuka kwa mwavuli sehemu nyingine. Wapo wanaoona hilo ni udanganyifu. Naona ni dosari kweli, na naisamehe, kwa sababu ndiyo njia pekee iliyobaki ya kumvunjia ahadi mtazamaji aliyemwona Tom Hanks kwenye bango.

*Upande wa pili.* Hapa filamu imepungukiwa. Mjerumani mmoja anapewa uso: yule anayeachwa huru na baadaye anarudi. Mwingine anamuua askari kwa kisu ghorofani, wakati mkalimani Upham amekaa kwenye ngazi analia na bunduki mkononi. Watu wengi wanadhani Wajerumani hao wawili ni mtu mmoja. Si mmoja. Kosa hilo la watazamaji linaonyesha jinsi sura za upande wa pili zilivyopewa nafasi ndogo ya kukaa akilini. Na Wamarekani weusi waliotua siku ile, wakiwemo wa kikosi cha 320 cha maputo ya kuzuia ndege, hawaonekani kabisa.

*Inamfaa* anayetaka kumshika mtu mmoja na kwenda naye, na kundi la marafiki wenye sabufa. Mtoto wa chini ya miaka 15 asiwepo.

Dunkirk (2017, dakika 106)

*Sura.* Christopher Nolan hatoi ahadi yoyote. Kijana tunayemfuata, Fionn Whitehead, hakuwa amewahi kucheza filamu ya sinema. Wenzake ni vijana wembamba wenye nywele nyeusi na makoti yaleyale, na mwanzoni utawachanganya. Imekusudiwa hivyo: Nolan alitaka watu wa umri ule hasa wa askari waliokuwa pale, si wanaume wa miaka 35 wanaocheza vijana. Yumo Harry Styles, mwanamuziki, na dada zako watamtambua kabla yako. Lakini nyota mkubwa kuliko wote, Tom Hardy, ni rubani aliyefunikwa uso kwa barakoa karibu filamu nzima. Unabaki na macho yake tu. Aliye na sura amezibwa, wasio na sura wameachwa wazi, na kwa hiyo yeyote anaweza kufa dakika yoyote.

*Simulizi.* Njia tatu zinakwenda pamoja: gatini wiki moja, baharini siku moja, angani saa moja. Tukio ulilolitazama kutoka juu kwenye ndege unaweza kulirudia baadaye ukiwa ndani ya boti. Ukiinuka kwenda kuchukua chai utapotea. Mazungumzo ni machache mno, na muziki wa Hans Zimmer umejengwa juu ya mlio wa saa ya mkononi ya Nolan mwenyewe. Unapiga tiktiki mpaka bega linakaza. Mtafsiri wa kibandani angepata taabu hapa, hana cha kutafsiri.

Babu aliitazama yote bila kusinzia, jambo ambalo si kawaida yake. Dakika za kwanza askari mmoja anakunywa maji ya mpira, na kijana tunayemfuata anatafuta mahali pa kuchuchumaa na hapati. Babu akasema, "Hapo mjukuu wangu wamesema kweli. Hakuna anayesimulia hilo." Baadaye, ndani ya meli, vijana wanapewa chai na mkate wenye jamu nyekundu, wanakula kwa mikono miwili. Alinyoosha kidole kwenye kioo. Hakusema neno, ila aliniomba nirudishe nyuma aone tena.

*Upande wa pili.* Wajerumani karibu huwaoni kabisa. Risasi zinakuja na ndege zinakuja, bila uso. Kwa hadithi ya watu waliozingirwa naona uamuzi huo ni sahihi. Ninachokilalamikia ni wengine waliofutwa. Zaidi ya wanajeshi 338,000 walivushwa kati ya 26 Mei na 4 Juni 1940, na miongoni mwa waliokuwepo kulikuwa na kampuni za nyumbu za jeshi la India, na Waafrika waliopigana ndani ya jeshi la Ufaransa. Sisi wa jiji ambalo soko lake kuu, Kariakoo, limepata jina kutoka Carrier Corps, wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918, tunalitambua pengo hilo haraka. Vita hubebwa na watu wasiopigwa picha.

*Inamfaa* anayetazama peke yake au na mtu mmoja, taa zimezimwa. Damu ni kidogo, kwa hiyo hata kijana wa sekondari anaweza kukaa. Haimfai anayetaka kumpenda mhusika, hutapewa muda.

The Battle of Algiers (1966, dakika 121)

*Sura.* Hii ndiyo ninayoihangaikia kuliko zote, maana wengi wanaikataa wakisikia ni nyeusi na nyeupe. Gillo Pontecorvo, Muitaliano, aliingia Algiers miaka michache baada ya uhuru wa Algeria wa 1962, akajaza filamu watu wa kawaida wa mji ule. Mwigizaji mwenye taaluma kati ya wahusika wakuu ni mmoja tu, Jean Martin, anayecheza Kanali Mathieu wa askari wa miavuli wa Ufaransa. Saadi Yacef, aliyekuwa kiongozi mjini humo wa wapiganaji wa FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria, anacheza nafasi inayofanana na maisha yake mwenyewe. Brahim Haggiag, anayemcheza Ali La Pointe, hakuwa mwigizaji.

Mathieu anaingia na miwani ya jua, anatembea kama mtu anayejua anatazamwa, anajibu waandishi wa habari kwa sentensi zilizopigwa pasi. Kila kitu chake kimefanyiwa mazoezi. Wanaompinga wana nyuso ambazo ungekutana nazo kwenye daladala ya Mbagala. Kwa kumpa mwenye taaluma upande wa dola, na watu wa mtaani upande wa uasi, Pontecorvo ameshasema nusu ya anachotaka kusema kabla ya mazungumzo kuanza. Sijaona uchaguzi wa waigizaji unaofanya kazi kubwa kiasi hicho. Tena Jean Martin mwenyewe alikuwa amesaini tamko la Wafaransa waliopinga vita ile, na ilimgharimu kazi.

*Simulizi.* Inaanza na mwisho: mtu aliyeteswa mpaka akasema, na Ali amejificha nyuma ya ukuta akisubiri kulipuliwa. Kisha tunarudi 1954. Kwa hiyo sheria ya steringi inafutwa dakika ya kwanza. Swali la atakufa au hatakufa limeondoka, limebaki la namna watu walivyofika pale. Picha zinatetemeka kama za habari, ingawa hakuna hata kipande cha habari halisi kilichotumika.

*Upande wa pili.* Wanawake watatu wanakata nywele mbele ya kioo, wanavaa kizungu, wanapita vizuizi vya askari na mabomu kwenye vikapu. Mmoja anaingia kwenye mgahawa na kukaa. Kamera inapita kwenye nyuso za watakaokufa, na kati yao mtoto mdogo anayelamba ayiskrimu. Filamu inajua wazi iko upande wa nani, na bado inakulazimisha umwone mtoto yule. Muziki wa maombolezo unaosikika juu ya Waarabu waliolipuliwa ndio unaosikika juu ya Wafaransa waliolipuliwa. Kati ya hizi nne, hakuna nyingine iliyofanya hivyo.

Jiji hili lilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kuanzia 1963, na FRELIMO ya Msumbiji ilizaliwa hapa 1962. Wazee waliowahi kupangisha vyumba kwa wapigania uhuru bado wapo mitaani kwetu. Ukiitazama nao, maongezi yatakuwa marefu kuliko filamu.

*Inamfaa* anayependa siasa na historia, mwalimu, na kijana yeyote mwenye kamera asiye na fedha za kulipa nyota. Lugha ni Kiarabu na Kifaransa, kwa hiyo hakikisha unapata yenye maandishi ya tafsiri chini, na uwe tayari kusoma. Kuna mateso, na yanaonyeshwa.

Beasts of No Nation (2015, dakika 137)

*Sura.* Idris Elba ni Kamanda, na uzito wake wa nyota unafanya kazi ya hatari. Ana sauti nzuri, ana kicheko, anajua kumwita mtoto mwanangu. Unampenda. Kisha unaona anachowafanyia watoto, na inabidi ujiulize kwa nini ulimpenda. Hapo sura maarufu imetumiwa kumteka mtazamaji kwa njia ileile inayomteka mtoto. Mbele yake amewekwa Abraham Attah wa Ghana, ambaye hakuwa na uzoefu wowote wa kuigiza, akacheza Agu na kushinda tuzo ya mwigizaji chipukizi kwenye tamasha la Venice. Tazama uso wake kwenye nusu saa ya kwanza, anapomuuzia askari "televisheni ya mawazo", yaani boksi tupu la televisheni ambalo wenzake wanaigiza nyuma yake. Kisha utazame uso uleule dakika 20 za mwisho. Huhitaji maelezo mengine.

*Simulizi.* Ni sauti ya Agu mwenyewe, Kiingereza cha Afrika Magharibi, akizungumza na Mungu na kukumbuka nyumbani. Imeshikwa vizuri mpaka katikati. Baadaye Kamanda anapoanza kugombana na wakubwa wake, hadithi inalegea kwa sababu imemwacha mtoto.

*Upande wa pili.* Nchi haina jina. Cary Joji Fukunaga alirekodi Ghana, lakini vita haisemwi ni ya wapi, wala nani anapigania nini. Najua wanaosema hivyo ndivyo mtoto anavyoiona vita, haelewi sababu, na hoja hiyo ina nguvu. Lakini nimesoma darasa moja na watoto waliokimbia Burundi na Kongo, na vita yao ilikuwa na majina, tarehe na vijiji. Afrika isiyo na jina inanikera.

*Inamfaa* mtu mzima aliyejiandaa moyo. Usiiweke mbele ya mtu aliyewahi kukimbia vita bila kumuuliza kwanza, na watoto wasiwepo nyumbani.

Kwa hali yako

Kama ni marafiki sita, sabufa ya jirani imeazimwa na kuna mtu asiyependa kusoma maandishi, chukua Saving Private Ryan. Mna wa kumshika mkono, na Upham wa kwenye ngazi atawapa ubishi wa kufika saa saba usiku.

Kama uko peke yako na umechoka kuahidiwa kwamba mtu fulani atapona, Dunkirk. Weka simu mbali, kwa sababu ya zile njia tatu zenye muda tofauti.

Kama unawaza kutengeneza filamu fupi ya Majimaji au ya Kagera na kila unayemwambia anakuuliza utampata wapi nyota, chukua The Battle of Algiers usiku huuhuu, halafu irudie kesho ukiwa na daftari.

Kama unataka kuona mwigizaji maarufu akitumia mvuto wake dhidi yako, na usiku wako hauna mgeni wala mtoto, Beasts of No Nation. Usiianze saa nne ukitegemea kulala saa sita.

Na kama utakaa na mzee aliyepigana, muulize kwanza kama anataka kutazama vita. Babu alikataa Saving Private Ryan baada ya dakika tano za ufukweni, na sikumbembeleza. Akikubali, anza na Dunkirk, punguza sauti kwenye ndege za mwanzo, na uwe na rimoti mkononi ufike sehemu ya mkate.